Siku Nilipokuwa Mpwa wa Shemeji Yangu

Kila nilipokwenda Elisabethville nilisafiri juu ya magunia ya samaki wakavu. Koti langu nililifunga ndani ya karatasi nene nikalikalia njia nzima, ili lisinuke. Nilikuwa karani wa mizani kwa mfanyabiashara mmoja Mgiriki pale Kasomeno, kwenye barabara ya Kasenga. Samaki walitoka mto Luapula, mimi nikawapima, lori likawapeleka mjini. Mara chache kwa mwaka tajiri aliniruhusu kupanda na mzigo, nikae siku mbili tatu kwa dada yangu mkubwa, kisha nirudi na lori lile lile.

Mji ule niliupenda kuliko kitu chochote. Sisi tuliuita Lubumbashi hata kabla jina halijabadilishwa kwenye ramani. Nilipenda maua ya rangi ya zambarau yaliyoanguka barabarani kabla ya mvua na kufunika lami, harufu ya mikate mbele ya duka la Wareno, bomba refu la kiwanda cha shaba na kile kilima cheusi cha takataka zake. Nilikuwa nimesoma sekondari kwa mapadri, na nilipopita mbele ya vioo vya maduka nikiwa na koti na tai, nilijiona kwenye vioo hivyo, nikaamini kwamba mji unaniona pia.

Safari ninayoieleza hapa ilikuwa katika miaka ile Katanga ilipojitangaza kuwa nchi peke yake. Tulikuwa na bendera mpya na pesa mpya. Lakini kaskazini, kwetu, watu waliikataa nchi hiyo, damu ikamwagika, na mjini Mluba akawa mtu wa kutazamwa, awe ametoka Kasai au kaskazini mwa Katanga kama sisi. Vijana wa chama tawala walipita nyumba kwa nyumba wakiwatafuta Waluba. Waliofukuzwa walikimbilia uwanda mmoja pembeni ya mji, chini ya askari wenye kofia za bluu, wakajenga vibanda vya magunia na matawi. Nilikuwa nimesikia habari hizo Kasomeno, lakini pale kwangu hakuna aliyeniuliza kabila. Nilikuwa karani wa Mgiriki, basi.

Dada yangu alikaa upande ambao leo tunauita Kampemba. Mume wake alifanya kazi katika kiwanda cha bia. Alikuwa Mluba kama sisi, mtoto wa mfanyakazi wa reli kama sisi, lakini baba yake alikuwa amehamishiwa Sakania, karibu na mpaka, yeye akiwa bado mtoto. Alicheza na watoto wa Kibemba mpaka lugha yao ikamkaa mdomoni kama maziwa. Fujo zilipoanza aliwaambia kazini kwamba yeye ni mtu wa Kasenga, kule Luapula wanakosema Kibemba. Waliamini. Jirani wengi walihama kwenda kwenye ule uwanda wa vibanda. Yeye na dada yangu walibaki katika nyumba yao ya matofali.

Jioni niliyofika tulikula bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo. Shemeji alinawa mikono, akanikazia macho.

"Bulamu," aliniambia, maana ndivyo mashemeji wa kwetu wanavyoitana, "kesho we hauko bulamu yangu. Kesho uko mwipwa wangu. Mutoto wa dada yangu wa ku Kasenga. Utaniita yama."

"Yama," nikasema, nikicheka.

"Usicheke. Njo vile banaita mujomba mu Kibemba. Sema tena."

"Na mi nitakuwa nani?" dada yangu aliuliza. "Kama kaka yangu iko mwipwa ya bwana yangu, mi niko shangazi ya nani? Munanichanganya kichwa."

"We utabakia hapa, utakuwa mama ya bukari."

"Hiyo niko tangu zamani."

Tulicheka, lakini shemeji hakucheka muda mrefu. Alinieleza. Kiwanda kilikuwa na desturi yake: Jumamosi moja kabla ya sikukuu, kila mfanyakazi aliruhusiwa kumwingiza ndugu mmoja, atembezwe ndani na kuonjeshwa bia. Mwaka uliotangulia shemeji alikwenda peke yake. Sasa maneno yalikuwa yameanza. Mtu wa Kasenga, mwaka mzima, hakuna ndugu hata mmoja anayekuja kumwona? Hata samaki mmoja wa kwao haletewi? Aliyeyasema zaidi ni mwanaume mmoja wa mashine ya vifuniko, mwenye ndugu kati ya vijana wa chama.

"We unatoka Kasomeno, uko na samaki ya Luapula, uko na harufu ya barabara ya Kasenga," shemeji alisema. "Kesho njo watanyamaza. Kama hapana, hii nyumba tutaiacha, na mi sijue kama nitaiacha na miguu yangu. Utaongea paka Kiswahili na Kifaransa, hakuna ingine. Kibemba kiloko, kidogo tu, ile unajua. Kiluba uache hapa."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Kwa mapadri, mtoto aliyesikiwa akiongea lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni mpaka amkamate mwenzake. Miaka yote ile mimi nilikivaa mara moja tu. Nilijua kufunga mdomo. Ndivyo nilivyojisifu, mdomo ukiwa bado na mafuta ya sombe.

Asubuhi tulifika kwenye lango la kiwanda na furushi la samaki. Walikuwapo wake, baba wazee, wadogo waliovaa kama wanakwenda misani. Aliyetutembeza ni kapita, yaani mnyapara, wa chumba cha kupikia, mzee mfupi mwenye viatu vya mpira vilivyomfika magotini. Mzungu msimamizi alitembea nyuma yetu na mikono mgongoni, kama padri anayesindikiza maandamano.

Nilitegemea kuona kitu kama pombe ya mama zetu iliyoongezwa ukubwa: pipa, moto, mwiko. Mlango ulipofunguliwa nikasimama, aliyekuwa nyuma yangu akanigonga. Mbele yetu yalikuwa masufuria mawili ya shaba yenye mabega ya duara na shingo zilizopanda hadi darini, yamesuguliwa mpaka tukajiona humo sote tukiwa wadogo na tumepinda. Nilikuwa nimeiona shaba tangu utoto. Niliiona ikiwa jiwe la kijani juu ya mabehewa, nikaiona ikiwa vipande vizito vya kupakiwa treni, nikaivuta ikiwa moshi. Sikuwahi kuiona ikiwa chungu.

"Hii ilitoka hapa kwetu," kapita alisema. "Ikaenda Ulaya kusoma, ikarudia bibi ya muzungu."

Watu walicheka. Mzungu, ambaye alijua Kiswahili zaidi ya alivyoonyesha, alicheka pia.

Kapita alifungua dirisha dogo la sufuria, tukachungulia uji wa shayiri ukizunguka polepole. Alituwekea viganjani maua makavu ya mmea unaoipa bia uchungu. Mama mmoja aliyatafuna, akayatema, akauliza kama kweli waume zao wanakunywa dawa ya minyoo.

Kutoka kwenye joto lile tuliteremka ngazi hadi chini ya ardhi, na hapo nilishtuka kwa namna nyingine. Nje ilikuwa ile hali ya kabla ya mvua, jasho likimtoka mtu akiwa amekaa. Huko chini pumzi zetu zilionekana. Mimi, mtu mwenye cheti, nilipeleka mkono mdomoni kupima kama ni moshi. Matangi yalikuwa wazi juu, na povu zito jeupe lilikuwa limepanda na kujikunja kingoni.

"Musiinamishe kichwa!" kapita alipiga kelele. "Hii povu inakula pumzi."

Akawasha mshumaa, akaushusha taratibu kwa waya ndani ya tangi. Haukupepesuka, wala hakuna aliyeupuliza. Ulizimika tu, kama umeambiwa. Mama yule wa maua alifanya ishara ya msalaba. Kapita alisema kuna mtu aliyewahi kuinama humo akitafuta kofia yake, wakamtoa akiwa amekwisha. Tulipanda ngazi upesi.

Shemeji alikuwa akitusubiri kwenye chumba cha chupa, kwenye kiti chake. Sikuwa najua kazi yake hasa. Alikaa mbele ya kioo cheupe chenye taa nyuma yake, na chupa zilizojaa zilipita mbele ya mwanga ule moja baada ya nyingine, zikigongana. Kazi yake ilikuwa kutazama. Chupa yenye unyasi, nzi au ufa aliitoa kwenye mstari. Walibadilishana kila baada ya muda mfupi, kwa sababu mwanga na mwendo ule, alisema, huyalewesha macho kabla ya mdomo. Nilimwona akitoa moja bila kugeuza kichwa. Niliishika, nikaigeuza mara kadhaa kabla sijaona uzi mwembamba kama unywele umelala chini.

"Yama yako iko na macho ya samaki," sauti ilisema kando yangu. "Hayafungi hata akilala."

Alikuwa yule wa mashine ya vifuniko, mtu mpana, mcheshi, mwenye meno mazuri. Alinizunguka kama mtu anayenunua mbuzi.

"Kasomeno, eh? Kule banasema bibi munaoa na samaki. Samaki ngapi kwa bibi moya?"

"Inategemea bibi," nikamjibu. "Kwa dada yako tutatoa dagaa."

Kicheko kilifunika mashine. Nikaongeza maneno machache ya Kibemba, yale niliyoyatumia kila siku na wavuvi, kuhusu mtu anayepima samaki kwa macho badala ya mizani. Walipiga mapaja. Shemeji alitoa furushi, wakalifungua juu ya kreti, wakanusa, na mmoja akasema hakuna ubishi, hawa ni wa Luapula, hata moshi wake anaujua. Niliona mabega ya shemeji yakishuka. Alikuwa ameyabeba juu tangu asubuhi, labda mwaka mzima. Yule wa vifuniko alichukua samaki mkubwa kuliko wote, akampiga shemeji begani.

"Sasa tunaona uko na bantu, uko na ndugu," alimwambia.

Jambo lilikuwa limekwisha. Nilichobakiwa nacho ni kunywa bia na kwenda nyumbani.

Tuliingizwa kwenye chumba kidogo chenye vigae vyeupe ukutani na meza ndefu. Mzungu alifungua robine, yaani koki, iliyotoka moja kwa moja kwenye bomba, akasema jambo, na kapita akatutafsiria: kila mfanyakazi ampe ndugu yake kwa mkono wake mwenyewe. Watu walifurahi. Shemeji alikinga glasi, akaiinamisha ili povu lisizidi, akaipangusa chini kwa kiganja. Kisha akaipeleka mdomoni mwake, akaonja kidogo, akanipa kwa mikono miwili.

Hakuna aliyeshangaa. Watu wengi wa pande zetu huonja kabla ya kumpa mwingine, kumwonyesha kwamba kinywaji ni salama. Lakini mimi nilikuwa nimekipokea kinywaji kwa mtu huyu, kwa namna hii hii, tangu siku alipoleta mahari kwa baba. Kila alipokuja nyumbani alionja, akanipa mimi ndugu wa mke wake, na mimi nikapiga goti kidogo, nikayakutanisha makofi ya viganja vilivyokunjwa, nikashukuru. Sikuwa nimefundishwa jambo hilo kwa kibao shingoni. Nilikuwa nimeliona kabla sijaanza kuongea.

Magoti yangu yakajikunja. Mikono ikapiga. Mpaka hapo hapakuwa na ubaya. Hata mpwa wa Kasenga hupiga makofi mbele ya mjomba wake. Lakini magoti yalipokunjwa, mdomo uliyafuata.

"Wafwako, vidye," nikasema.

Ni shukrani yetu kwa mkubwa. Kwenye kingo za Luapula hakuna anayeisema.

Yule wa vifuniko aliweka glasi yake mezani bila haraka.

"Ee," alisema. "Mwipwa wa Kasenga, na aksanti ya Baluba ya ku Kamina."

Nilimtazama shemeji ili nijue la kufanya. Bado nilikuwa nimepiga goti, glasi ikiwa mkononi. Nikaona uso wake ukifungwa, na mkono wake ukinijia wazi, ukanipiga shavuni kwa nguvu zote. Glasi ilivunjika juu ya vigae. Bia ilinilowesha koti na tai.

"Mwongo!" alipiga kelele. "Ulisema uko mutoto ya dada yangu! Ulinidanganya na samaki yako! Muluba! Mupelelezi!"

Alinipiga tena. Akanishika ukosi, akanitoa mbele ya chupa, mbele ya mama wa maua aliyefunika mdomo, mbele ya Mzungu aliyekuwa akiuliza kuna nini. Njia nzima mpaka langoni alinitukana kwa Kibemba, na wenzake waliotufuata wakaanza kunitukana naye, wengine wakicheka sasa. Nilitafuta usoni mwake alama ndogo, jicho moja, chochote cha kuniambia kwamba anacheza. Sikuipata. Alinisukuma nikaanguka kwenye changarawe, akageuka, akarudi ndani akipangusa mikono.

Nilitembea mpaka Kampemba nikinuka bia kama mlevi. Watu walinipisha. Sikumbuki barabara hata moja niliyopita, mimi niliyedhani naujua mji ule kama mfuko wangu.

Dada yangu alikuwa amechutama mbele ya mbabula, lile jiko la makaa, sufuria ya maji ikianza kuchemka.

"Amenipiga, Yaya," nilimwambia, kama tunavyowaita dada zetu wakubwa. "Mbele ya bantu. Bwana yako amenipiga."

"Ulisema nini?"

"Nilisema aksanti."

Alinitazama. "Aksanti ya namna gani?"

"Ya kwetu." Nilingoja aniletee maji ya kunawa uso, kama alivyofanya nilipokuwa mdogo na kupigwa na wenzangu. Badala yake aliishusha sufuria, akayamwaga maji yote juu ya makaa. Mvuke ukajaa uani.

"Ingia, funga matandiko," alisema.

"Labda wamemwamini. Alinipiga kabisa, Yaya. Kila mutu aliona."

"Kama banamuamini, atarudia na kengele ya kutoka kazi. Kama hapana, atarudia mbele."

Alirudi kabla ya kengele. Aliingia kwa mlango wa nyuma, bila zile chupa mbili ambazo kila mfanyakazi hupewa akitoka kazini. Kapita alikuwa amemvuta pembeni na kumwambia kwamba yule wa vifuniko ameomba ruhusa, ametoka, na hakwenda upande wa nyumba yake.

"Sijue kama iko kweli ao kapita anataka kunipima," shemeji alimwambia dada yangu. "Lakini sitangoje kujua."

Kwangu alisema maneno mawili tu: "Beba godoro." Hakuniomba radhi, wala hakunilaumu. Ningekuwa na akili ningeelewa kwamba mtu yule alikuwa amejaribu, kwa kitu pekee alichokuwa nacho mkononi wakati ule, kuiokoa nyumba niliyokuwa nimeibomoa. Nilikuwa na cheti, lakini akili hiyo sikuwa nayo. Nilikuwa na shavu linalowaka, na nilijua, kama kila mtu wa kwetu anavyojua, kwamba mume hampigi ndugu wa mke wake. Kwa baba yangu jambo hilo lingeitisha kikao na mbuzi. Nilibeba godoro kichwani huku nikiwaza kikao hicho na maneno ambayo ningesema.

Tulitoka mmoja mmoja, tukakutana mbele, tukapita njia za nyuma. Jua lilikuwa bado juu tulipofika kwenye ule uwanda.

Nilikuwa nimesikia habari zake, lakini habari hazina harufu. Miti iliyokuwepo ilikuwa imekatwa mpaka visiki. Vibanda vilikuwa vya magunia, mabati yaliyotoboka, milango ya nyumba za watu iliyong'olewa na kulazwa kuwa paa. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona mahali pamoja, na wengi wao walikuwa wamevaa kama mimi: mashati ya ofisini, tai, magauni ya Jumapili. Walikuwa makarani, walimu, mafundi, wauguzi. Mwanaume aliyeshika jalada la kazi kwapani alikuwa amesimama kwenye foleni ya maji. Hawa walikuwa watu niliotaka kuwa kama wao kila nilipokuja mjini.

Askari wa kofia za bluu walikaa mbali, karibu na gari lao. Kwenye njia ya kuingilia walisimama vijana wa mle mle, na fimbo na minyororo ya baiskeli. Walituuliza kwa Kiluba tunatoka wapi. Shemeji alijibu kwa Kiluba, na nikashangaa jinsi sauti yake ilivyobadilika, kama mtu anayevua kiatu kinachobana.

Hapo mama mmoja aliyekuwa amekaa na beseni tupu alisimama.

"Huyu namujua!" alisema kwa sauti. "Nilikuwa nauzisha maandazi ku mulango ya kiwanda ya bière. Kila asubui anapita kwangu na bale ba jeunesse, vijana ba chama, anaongea paka Kibemba, anacheka nabo. Siku banapindua beseni yangu, alikuwa hapo. Akaangalia pembeni!"

Vijana walitusogelea.

"Iko kweli," shemeji alisema. "Niliangalia pembeni."

"Banamutuma! Iko mupelelezi!"

"Niko Muluba. Munanisikia naongea."

"Kiluba hata kasuku anajifunza," mmoja alisema, na wengine wakacheka kicheko kisichokuwa na furaha. "Nani anakujua hapa? Nani alijua baba yako?"

Dada yangu akapita mbele. "Mi niko bibi yake!"

"Bibi haiko shahidi, mama. Bibi analala na bwana." Kijana mwenye mnyororo akanigeukia. "Na ule wa koti? We, mutu wa masomo. Unamujua huyu?"

Sitajidanganya kwa uzee huu, wala kumdanganya anayesoma. Sikunyamaza kwa woga. Woga ulikuwepo, lakini sio uliofunga mdomo. Nilinyamaza kwa sababu shavu liliniuma, kwa sababu koti langu lilinuka, kwa sababu mtu huyu alikuwa ameniita mpelelezi mbele ya kiwanda kizima, na sasa neno lile lile lilikuwa limemrudia. Niliona likimrudia, na moyoni nikasema: aonje.

Walikuwa wamekwisha kumshika shati. Mmoja alipitisha mnyororo shingoni kwake, bado haujakazwa. Shemeji hakunitazama kwa kuomba. Alinitazama kama alivyotazama chupa mbele ya ile taa, bila kugeuza kichwa. Dada yangu naye alinitazama, na yeye aliyaona yote yaliyokuwa yakipita usoni mwangu, maana ndiye aliyenilea.

"Namujua," nikasema. "Iko bulamu yangu. Baba yake na baba yangu walifunga reli pamoja."

Nikawatajia kijiji cha babu yake, na mto, na ukoo, na nani alimwozesha nani. Nikaongea Kiluba kama mvua, mpaka mzee mmoja nyuma ya vijana akaitikia kwa kichwa na kusema ukoo huo anaujua. Mnyororo ukaondolewa. Yule mama wa maandazi alikaa chini tena. Hakuomba radhi, na sioni kwa nini angeomba.

Shemeji alirekebisha ukosi wake.

"Sasa tuko sawa sawa, bulamu," aliniambia.

Alilisema bila hasira. Nilikuja kuelewa njiani kurudi Kasomeno, juu ya magunia matupu ya lori, kwamba hatukuwa sawa hata kidogo. Yeye alinipiga ili kuokoa nyumba. Mimi nilinyamaza ili mtu apigwe. Yeye na dada walikaa mle uwandani mpaka treni zilipoanza kuwapeleka watu kaskazini, na huko waliishi, wakazaa, wakazeeka. Nilipokwenda kuwaona walinipokea vizuri. Mara moja tu, tukiwa wawili jikoni, dada yangu aliniambia kwamba lile kofi lingemalizwa kwa mbuzi mmoja, lakini hakuwahi kujua ni mnyama gani anayetolewa kwa ajili ya mtu kuchelewa kujibu. Nilitaka kumwambia kwamba nilichelewa kidogo tu. Sikumwambia, kwa sababu alikuwepo pale.

Siku ile, kijana mwenye mnyororo aliwapisha dada na shemeji, akanigeukia mimi. Nilikuwa nimesimama na godoro kichwani, miguu yangu ikiwa bado upande wa barabara.

"Na we?" aliuliza. "Uko mwenzetu. Unaingia ao hauingie?"

Niliwaza lori la asubuhi. Niliwaza mizani yangu Kasomeno, mahali ambapo hakuna aliyeniuliza kabila.

"Hapana," nilisema. "Mi nilikuya kutembea tu."

Dada yangu alinyoosha mikono, akanitua godoro, akajitwika mwenyewe, akaingia.